Kuiwahi Kelele: Jinsi ya Kutabiri na Kurekebisha Makosa ya Kyubiti

Saa ya mkono inayokimbia dakika 2 kila siku haina ubaya mkubwa. Ukishaijua tabia yake, unazitoa zile dakika kichwani na basi hulikosi. Saa ya kutupa ni ile inayokimbia leo, ikachelewa kesho, keshokutwa ikasimama kidogo kisha ikaendelea. Kyubiti, yaani chembe ya taarifa ndani ya kompyuta ya kwantamu, inaumwa magonjwa yote mawili kwa pamoja. Lipo kosa lenye tabia, na lipo kosa lisilo na tabia. Lenye tabia linatabirika, kwa hiyo unalifuta kabla halijatokea. Lisilo na tabia unaliachia msimbo wa kurekebisha makosa, yaani mbinu ya kutandaza taarifa kwenye kyubiti kadhaa ili kosa la moja ligundulike na kurekebishwa.

Wanaoanza hukimbilia msimbo moja kwa moja, kwa sababu ndio unaozungumzwa sana. Mimi naona hapo ndipo wanapopotea, na katika hatua ya 6 utaona kwa tarakimu kwamba msimbo uliowekwa juu ya kelele (usumbufu unaoikosesha kyubiti) ambayo haijatabiriwa hauna nguvu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu utabiri.

Huhitaji kompyuta ya kwantamu. Unahitaji kompyuta yoyote yenye Python na maktaba ya NumPy, na hesabu za sekondari: pembe, mawimbi, uwezekano. Tenga mchana mmoja.

Kwanza, picha ya kichwani

Chukua mpira, chomeka mshale kutoka katikati hadi kwenye ngozi yake. Mshale ukielekea juu kabisa ni 0, ukielekea chini kabisa ni 1, na ukilala kwenye mstari wa katikati ni mchanganyiko sawa wa vyote viwili. Ukiwa umelala hivyo unaweza kuelekea upande wowote kuuzunguka mpira, na upande huo ndio tunaouita fezi.

Makosa ni ya namna mbili. Mshale unaweza kuanguka kutoka 1 kwenda 0 kwa kupoteza nishati. Muda wa wastani wa kuanguka huko huandikwa T1. Au unaweza kubaki umelala vilevile lakini ukazungushwa pembeni, fezi ikapotea. Muda huo huandikwa T2, nao hauwezi kuzidi T1 mara mbili. Hapa tunashughulika na fezi, maana ndiyo inayosumbuliwa zaidi na kelele inayosogea polepole.

Kelele yenyewe inatoka wapi? Kwa kyubiti ya ayoni, yaani atomu yenye chaji iliyoning'inizwa ndani ya ombwe, mkosaji mkubwa ni uga wa sumaku: nyaya za umeme ukutani, lifti ya jengo, usambazaji wa umeme wa vifaa vyenyewe. Kwa kyubiti za sakiti za umeme zinazopozwa hadi karibu na sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, ni kasoro ndogo za kiatomu juu ya metali na kwenye tabaka za oksaidi. Na kote kuwili kuna chanzo cha mawimbi kinachoiongoza kyubiti. Kikiteleza masafa yake, kwa kyubiti ni sawasawa na yeye mwenyewe kuteleza. Hakuna kipimo cha kyubiti peke yake kitakachokuambia ni nani kati yao aliyesogea, na kwa kazi yetu haidhuru, kwa kuwa kinachorekebishwa ni tofauti iliyopo baina yao.

Wazo la kutabiri si la karatasini tu. Mwaka 2017 kikundi cha Michael Biercuk katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, kilichapisha jaribio kwenye jarida la Nature Communications. Walitumia ayoni ya elementi ya iterbiumu, wakaiacha kompyuta ijifunze mwenendo wa kelele kutokana na vipimo vilivyopita, kisha wakarekebisha fezi kwa utabiri, katika muda ambao ayoni yenyewe haipimwi. Tunachofanya hapa ni cha ukoo huohuo, kwa kipimo cha mezani.

Hatua ya 1: Tengeneza kelele unayoijua

Anza na kelele ya kubuni. Sababu ni moja na ni nzito: kwenye maabara huwezi kamwe kuona kelele halisi, unaona vipimo vyake tu. Kwenye kompyuta unaujua ukweli, kwa hiyo unaweza kuukagua utabiri wako dhidi ya ukweli wenyewe.

Kelele yetu ina sehemu mbili. Ya kwanza inateleza polepole: kila hatua inabeba asilimia 98 ya ilivyokuwa, halafu inaongezewa msukumo mpya wa nasibu wenye mtawanyiko wa hezi 10. Ya pili ni wimbi lenye kimo cha hezi 40 linalojirudia kila baada ya hatua 40.

import numpy as np
g = np.random.default_rng(7)
n = 6000
x = np.zeros(n)
for k in range(1, n):
    x[k] = 0.98*x[k-1] + g.normal(0, 10)
wimbi = 40*np.sin(2*np.pi*np.arange(n)/40)
d = x + wimbi

Herufi d ni mteremko wa masafa katika kila hatua, yaani tofauti kati ya kyubiti na chanzo cha mawimbi, kwa hezi. Mtawanyiko wa sehemu ya kwanza unakaribia hezi 50, na ukijumlisha wimbi unafika kama hezi 58. Chora d kwenye grafu kabla ya kuendelea. Itazame. Utaona milima na mabonde makubwa, na juu yake viwimbi vya kawaida kama mikunjo ya kitambaa. Jicho lako tayari linatabiri.

Hatua ya 2: Pima kwa njia ya Ramsey

Njia hii ina jina la Norman Ramsey, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1989. Unaupiga mshale pigo la robo mzunguko, yaani mpigo mfupi wa mawimbi unaouzungusha digrii 90, unalala. Unausubiri kwa muda τ (tau). Unapiga pigo la pili la robo mzunguko, lakini uelekeo wake umegeuzwa digrii 90 kulingana na lile la kwanza. Kisha unapima, unapata 0 au 1.

Katika kusubiri, mshale umezunguka kwa fezi ya 2π × d × τ. Ule ugeuzi wa digrii 90 unafanya uwezekano wa kupata 1 uwe (1 + sin fezi) / 2. Bila ugeuzi ungepata kosini, ambayo haitofautishi kulia na kushoto, nawe unahitaji kujua mshale umeenda upande gani.

Tuchukue τ ya milisekunde 1. Mteremko wa hezi 100 unazungusha mshale digrii 36, na uwezekano wa 1 unapanda kutoka 0.5 hadi 0.79. Lakini angalia mpaka: fezi ikivuka digrii 90, sin inaanza kushuka tena, na mteremko wa hezi 260 unaonekana sawa na wa hezi 240. Kwa τ hii mpaka wako ni hezi 250 kila upande. Ukirefusha τ kipimo kinakuwa kikali zaidi, lakini mpaka unakaribia. Chagua τ itakayoweka kelele yako ndani ya mpaka kwa nafasi ya kutosha. Hezi 58 dhidi ya 250 ni nafasi nzuri.

Kuna jambo jingine ambalo halina dawa. Kila jaribio linakupa 0 au 1, basi. Ili upate uwezekano lazima urudie, na ukirudia mara 100 fezi inabaki na wasiwasi wa radiani 0.1, ambao kwa τ yetu ni kama hezi 16. Ukitaka kuupunguza nusu, rudia mara 400. Kifaa hakina hitilafu yoyote hapo. Hivyo ndivyo kupima kwa kwantamu kulivyo.

fezi = 2*np.pi*d*0.001
P = (1 + np.sin(fezi))/2
hesabu = g.binomial(100, P)
kipimo = np.arcsin(2*hesabu/100 - 1)/(2*np.pi*0.001)

Kwa anayefanya kwenye kifaa halisi, jihadhari na umeme wa ukutani. Unazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo majaribio yako 100 yataangukia sehemu tofauti za wimbi lake. Ukichukua wastani, wimbi linajifuta na hulioni kwenye kipimo, ila mshale umetawanyika vilevile. Kinachosaidia ni kuanzisha kila jaribio katika sehemu ileile ya wimbi la umeme. Kasi inashuka hadi majaribio 50 kwa sekunde, lakini mtawanyiko unageuka kuwa mteremko mmoja usiobadilika, ambao unaurekebisha mara moja.

Hatua ya 3: Iulize kelele kama ina kumbukumbu

Hapa ndipo unapoamua kama utabiri una maana. Kelele isiyokumbuka ilikotoka haitabiriki na mtu yeyote, hata akiwa na kompyuta ya ukubwa gani.

Kwenye maabara kipimo cha haraka ni mwangwi wa Erwin Hahn, wa mwaka 1950. Katikati ya muda wa kusubiri unapiga pigo moja la nusu mzunguko. Fezi iliyokusanywa nusu ya kwanza inageuzwa alama, na nusu ya pili ikileta kelele ileile, zinafutana. Fanya Ramsey, fanya mwangwi, linganisha. Mwangwi ukiudumisha mshale muda mrefu zaidi kwa kiasi kikubwa, ujue kelele yako ni ya polepole, ina kumbukumbu, endelea. Mwangwi usipoongeza kitu, kelele inabadilika haraka kuliko jaribio lako lenyewe. Acha utabiri, nenda hatua ya 6.

Kwenye data yetu tunatumia uwiano wa kipimo na kipimo kilichofuata:

for s in (1, 20, 40):
    print(s, np.corrcoef(kipimo[:-s], kipimo[s:])[0, 1])

Utapata karibu 0.91 kwa hatua 1. Kwa hatua 20 unashuka hadi karibu robo. Halafu kwa hatua 40 unapanda tena, hadi kama nusu. Huko kupanda tena ndiko kunakosisimua: ni lile wimbi la kujirudia, limeonekana kutoka ndani ya vipimo vyenye wasiwasi wa hezi 16, bila mtu yeyote kukuambia kuwa lipo. Kwenye maabara halisi ndivyo watu wanavyogundua kuwa kiyoyozi cha chumba cha pili kinawasha na kuzima.

Baada ya hapo changanya mpangilio wa vipimo kwa g.permutation(kipimo) na upime tena. Uwiano wote uanguke karibu na sifuri. Usipoanguka, kuna kosa kwenye programu yako.

Hatua ya 4: Tabiri

Hakuna haja ya kuanza na mitandao ya neva, zile programu kubwa zinazojifunza kwa mifano. Anza na kanuni ya mstari: utabiri wa baadaye ni jumla ya vipimo 80 vilivyopita, kila kimoja kikizidishwa kwa uzito wake, na uzito huo unatafutwa kwa kupunguza jumla ya miraba ya makosa. Nimechagua 80 ili kanuni ione mizunguko miwili kamili ya wimbi. Herufi h ni idadi ya hatua za mbele unazotaka kutabiri.

L, h = 80, 5
A = np.array([kipimo[k-L:k] for k in range(L, n-h+1)])
y = kipimo[L+h-1:]
kweli = d[L+h-1:]
m = len(y)//2
c = np.linalg.lstsq(A[:m], y[:m], rcond=None)[0]
baki = kweli[m:] - A[m:] @ c
print(np.std(baki))

Zingatia m. Nusu ya kwanza ya data ni ya kufundishia, nusu ya pili ni ya kupimia, na hazichanganywi. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilipima kanuni kwa data ileile niliyoifundishia, nikapata matokeo mazuri mno, nikayaamini kwa siku kadhaa. Zilikuwa siku za bure. Na usigawanye kwa kuchanganya nasibu kama wanavyofanya kwenye kazi nyingine: data ya wakati igawe kwa wakati, ya zamani ifundishe, ya baadaye ipime.

Sasa mlinganishe mtabiri wako na mpinzani dhaifu kuliko wote, yule anayesema "kesho itakuwa kama leo", yaani anayechukua kipimo cha mwisho kuwa ndio utabiri:

print(np.std(kweli[m:] - A[m:, -1]))

Nimekokotoa kwa karatasi na kalamu mtawanyiko wa kosa utakaobaki kwa pande zote mbili. Tarakimu za mtabiri ni za kanuni bora kabisa, inayolijua wimbi kwa ukamilifu. Ya kwako itakaa juu kidogo ya hapo.

Hatua 1 mbele: kipimo cha mwisho kinakuacha na hezi 19, mtabiri bora na 15.
Hatua 5 mbele: 35 dhidi ya 24.
Hatua 20 mbele: 72 dhidi ya 38.

Tulia hapo kidogo. Hatua moja mbele, utabiri wa kifahari unampita yule mvivu kwa hezi 4 tu. Mtu akikuonyesha mfumo wake wa kujifunza unaotabiri hatua moja mbele, muulize mvivu amepata ngapi. Lakini hatua 20 mbele ni nusu ya wimbi: wimbi lililokuwa juu sasa liko chini, na mvivu anarekebisha kwa kwenda upande usio. Hezi zake 72 ni mbaya kuliko kelele yenyewe, iliyokuwa na 58. Afadhali angekaa bila kufanya kitu.

Na mtabiri bora naye hatashuka chini ya hezi 10, kwa kuwa msukumo mpya wa kila hatua hauna historia ya kusomwa.

Hatua ya 5: Rekebisha kabla ya kosa

Kurekebisha kwenyewe ni rahisi. Utabiri ukisema mteremko utakuwa hezi 30, unasogeza masafa ya chanzo cha mawimbi hezi 30, au unageuza fezi ya pigo linalofuata kwa 2π × 30 × muda. Kyubiti haiguswi. Unasogeza saa yako ili iende nayo.

Ugumu upo kwenye ratiba. Kyubiti iliyobeba kazi huwezi kuipima, maana ukiipima mshale unalazimishwa kuwa 0 au 1 na kazi yote imepotea. Kwa hiyo zipo njia mbili. Unaweza kupokezana: pima kwa muda, acha kupima, endesha kazi yako kwa utabiri, rudi kupima. Hapo h yako ni urefu wa kazi pamoja na muda wa kukokotoa, na ndiyo maana nilikupa tarakimu za hatua 5 na 20. Au unaweza kuweka kyubiti jirani kuwa mlinzi: inapimwa mfululizo, na kwa kuwa zote zimekaa kwenye uga uleule wa sumaku, inayoyaona yanamhusu mwenzake. Kabla ya kumwamini mlinzi, pima zote mbili kwa saa nzima na utazame kama zinapanda na kushuka pamoja. Kwa ayoni kwenye mtego mmoja mara nyingi hali ni hiyo. Kwa sakiti za baridi mara nyingi sivyo, kwa sababu kila moja ina kasoro zake za kiatomu.

Sasa tuone faida. Tuseme kazi yako inausubirisha mshale milisekunde 3. Uwezekano wa fezi kugeuka unapatikana hivi:

def kosa(b): return (1 - np.mean(np.cos(2*np.pi*b*0.003)))/2

Bila marekebisho, kosa(d) inakaribia asilimia 22. Ukibakiza hezi 15, inashuka hadi asilimia 2. Mvivu wa hatua 20 anapanda hadi zaidi ya asilimia 30.

Hatua ya 6: Kinachobaki, kiachie msimbo

Asilimia 2 bado ni nyingi. Kazi yenye hatua elfu moja haitafika popote. Kilichobaki sasa hakina tabia ya kutosha kutabiriwa, kwa hiyo tunaongeza idadi.

Kompyuta ya kawaida inanakili: andika 1 mara tatu, ukikuta 1, 0, 1 wengi wape. Kyubiti hainakiliki, Wootters na Zurek walithibitisha hivyo mwaka 1982, na kwa miaka kadhaa ilionekana kama mlango umefungwa. Peter Shor aliufungua mwaka 1995 kwa msimbo wa kyubiti tisa. Siri yake ni kutouliza "wewe ni 0 au 1?" bali kuuliza "nyinyi wawili mnafanana?" Jibu la swali hilo linafichua kosa bila kufichua kilichobebwa.

Kwa makosa ya fezi, tandaza taarifa kwenye kyubiti tatu, zote mishale ikiwa imelala, na uongeze kyubiti mbili za ukaguzi. Mkaguzi wa kwanza anauliza kama ya 1 na ya 2 zina fezi sawa. Wa pili anauliza kuhusu ya 2 na ya 3. Wote wakinyamaza, hakuna kosa. Wa kwanza peke yake akilalamika, iliyogeuka ni ya 1. Wa pili peke yake, ni ya 3. Wakilalamika wote wawili, ni ile wanayoshirikiana, ya 2. Unaigeuza iliyokosea, na hujui hata kidogo ni nini kilichokuwa kimebebwa. Mimi nimesoma jambo hili mara nyingi na bado linanigusa.

Msimbo unashindwa pale zinapogeuka mbili au zaidi. Kosa la kila moja likiwa p, uwezekano wa kushindwa ni 3p² − 2p³. Weka tarakimu zetu. Bila utabiri, p ni 0.22 na msimbo unashindwa asilimia 12. Kyubiti tano badala ya moja, na faida haijafika hata nusu. Baada ya utabiri, p ni 0.02, na msimbo unashindwa kama asilimia 0.12. Utabiri uliopunguza kosa mara 11 umepunguza kosa la msimbo mara 100. Kila unachookoa kabla ya msimbo, msimbo unakizidisha kwa chenyewe.

Na hapo nimeupendelea msimbo. Hesabu ya 3p² inaamini kwamba kyubiti tatu zinakosea kila moja kivyake. Kelele inayoteleza polepole haifanyi hivyo. Uga wa sumaku ukipanda, mishale yote mitatu inazungushwa pamoja, kwa kiasi kilekile, na wakaguzi wanaouliza "mnafanana?" hawana la kuona. Jaribu: tumia d ileile kwa kyubiti zote tatu, tafuta s = sin² ya nusu ya fezi kwa kila hatua, kisha wastani wa 3s² − 2s³.

s = np.sin(np.pi*d*0.003)**2
print(np.mean(3*s**2 - 2*s**3))

Kushindwa kunapanda kutoka 12 hadi karibu asilimia 19, pua na mdomo na ile 22 ya kyubiti moja isiyo na msimbo wowote. Kwa hiyo utabiri una kazi mbili: unapunguza kosa, na unaondoa sehemu inayozikosesha kyubiti zote kwa pamoja, ambayo ndiyo sumu ya msimbo.

Hatua ya 7: Wakaguzi nao hukosea

Mkaguzi naye ni kyubiti, ana kelele yake, na wakati mwingine hulalamika bure. Kwa hiyo ukaguzi haufanywi mara moja. Unarudiwa raundi baada ya raundi, na unachosoma si malalamiko yenyewe bali mabadiliko yake. Kyubiti ya data ikigeuka, malalamiko yanaanza na hayaishi. Mkaguzi akikosea kusoma, lalamiko linatokea raundi moja na kutoweka raundi inayofuata. Programu ya kusimbua inakusanya mabadiliko hayo na kutafuta maelezo mafupi kuliko yote: ni makosa machache kiasi gani yanayotosha kueleza kila kilichoonekana? Kwa msimbo wetu wa kyubiti tatu unaweza kuiandika kwa mkono. Kwa mikubwa zaidi tumia maktaba ya PyMatching.

Msimbo wetu unashika fezi tu, haushiki kuanguka kwa 1 kwenda 0. Unaoshika vyote, na unaotumika zaidi kwenye sakiti za baridi, ni msimbo wa uso, ambao mzizi wake ni kazi ya Alexei Kitaev ya mwaka 1997. Unapanga kyubiti kama ubao wa drafti, data na wakaguzi wakipishana. Una kizingiti: kosa la kila operesheni likiwa chini ya karibu asilimia 1, kukuza ubao kunapunguza kosa, likiwa juu, kukuza ubao kunaliongeza. Mwaka 2023 Google walionyesha ubao wa umbali wa 5 (umbali ni idadi ya kyubiti za data kwenye kila upande wa ubao) ukiupita wa umbali wa 3 kwa unywele, asilimia 2.914 dhidi ya 3.028 kwa raundi. Desemba 2024, kwa chipu yao ya Willow, kila walipoongeza umbali kutoka 3 hadi 5 hadi 7 kosa lilipungua mara 2.14, na ubao wa 7, uliotumia kyubiti 101, ulibaki na asilimia 0.143 kwa raundi. Msimbo ni wa aina ileile. Kilichobadilika zaidi ni ubora wa kyubiti zilizo chini yake.

Hatua ya 8: Ipeleke kwenye mashine halisi

IBM walifungua kompyuta ya kwantamu kwa watu wa mtandaoni tangu mwaka 2016, na programu yao ya Qiskit inaendeshwa kwa Python ileile uliyotumia hapa. Chagua kyubiti moja. Usianze na msimbo. Anza na Ramsey ya hatua ya 2, lakini badilisha τ: sakiti hizi mshale wake hudumu mikrosekunde, hivyo jaribu mikrosekunde 20, ambapo mpaka wa digrii 90 ni kilohezi 12.5. Ziweke Ramsey zako zote kwenye agizo moja, la sivyo foleni ya watumiaji wengine itaingia katikati ya vipimo na hutajua hatua moja ina urefu gani. Rudia mpaka upate vipimo mia kadhaa, kisha chora grafu kabla hujakokotoa chochote.

Kuna sura moja ambayo kelele yetu ya kubuni haikuwa nayo, na kwenye sakiti za baridi uitegemee: mstari umetulia mahali pamoja, ghafla umeruka kwenda thamani nyingine, umekaa huko, kisha umerudi. Hiyo ni kasoro moja ya kiatomu inayohama kati ya hali mbili. Kanuni ya mstari ya hatua ya 4 haiifai, kwa sababu baada ya kila mruko itaendelea kuchanganya vipimo vya zamani na vipya na kutabiri thamani iliyo katikati, mahali ambapo kyubiti haikai kamwe. Ukiiona, gawa vipimo kwenye makundi mawili, hesabu inakaa kila upande kwa wastani wa hatua ngapi, na utabiri wako uwe ni upande iliopo sasa, mpaka vipimo viwili mfululizo viseme imehama.